Kompyuta mbili nyumbani hazionani? Tafuta kosa kabla ya kununua mega

Mwanafunzi wa Bukavu amemaliza kuandika TFC yake usiku. Kazi iko ndani ya kompyuta yake, lakini mashini ya kuchapa imefungwa kwenye kompyuta ya kaka yake, chumba cha pili. Anajaribu kuunganisha kompyuta hizo, zinakataa. Mwishowe ananunua mega, anatuma kazi kwa barua pepe, na kaka yake anaipakua upande wa pili. Faili moja imelipiwa mara mbili ili ivuke ukuta mmoja.

Gharama hiyo si ya lazima. Kompyuta mbili zilizo ndani ya nyumba moja hazihitaji intaneti ili zipeane faili. Ruta ya wifi inaziunganisha hata kama forfe imekwisha. Mara nyingi hata simu inayogawa wifi inatosha, huku data yake ikiwa imezimwa. Zikikataa kuonana, kosa linatafutwa hatua kwa hatua.

Waya na wifi kwanza

Kama unatumia kabo, angalia taa ndogo kwenye tundu lake. Isipowaka, sukuma kabo vizuri au jaribu nyingine. Kama ni wifi, hakikisha kompyuta zote mbili ziko kwenye wifi moja. Ruta nyingi zina pia wifi ya wageni, na hiyo kwa kawaida inazuia waliomo wasionane.

Kisha anwani

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Kila kompyuta itaonyesha anwani yake, kwa mfano 192.168.1.10 na 192.168.1.11. Katika nyumba nyingi, namba tatu za kwanza zinafanana, ile ya mwisho inatofautiana.

Ukiona moja inaanza na 169.254, ujue iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Jambo hili linaweza kutokea umeme ukirudi na kompyuta ikawaka kabla ruta haijawa tayari. Zima ruta, iwashe, ngoja kidogo, kisha unganisha upya.

Njia iko wazi?

Andika ping, acha nafasi, kisha weka anwani ya kompyuta ya pili. Jibu likija, njia iko wazi. Likikosa, usilaumu kabo haraka: jaribu pia kutoka upande wa pili. Kama kompyuta ya kwanza inapata jibu na ya pili haipati, njia ni nzima. Anayezuia ni mlinzi aliye ndani ya kompyuta ya kwanza, yule ambaye Windows ya Kifaransa inamwita « pare-feu ».

Ingia kwenye mipangilio ya wifi au kabo, chagua « Privé » badala ya « Public ». Kumbuka kwamba antivirusi inaweza kuwa na mlinzi wake pia. Usizime ulinzi wote na kuuacha hivyo.

Mwisho, ruhusa

Folda haionekani upande wa pili kama mwenyewe hajaigawa. Gawa folda moja tu, si diski nzima. Halafu kuna kosa linalosumbua wengi: Windows kwa kawaida inakataa kumpokea kupitia mtandao mtu ambaye akaunti yake haina neno la siri. Weka neno la siri, kisha jaribu tena.

Kama jina la kompyuta halitokei kwenye orodha, fungua dirisha la mafaili na uandike anwani yake juu, hivi: \\192.168.1.11. Kwenye kibodi ya AZERTY, alama hiyo ya mkwaju inapatikana kwa kubonyeza AltGr na 8.

Ukitoka nyumbani, kwenda chuoni au saiba, rudisha « Public ». Pale hujui nani anashiriki wifi pamoja nawe.

Na fundi akikuambia lazima afute Windows yote ili kompyuta zionane, mwombe kwanza akuonyeshe ni hatua gani kati ya hizi nne imeshindikana. Asipoweza kukuonyesha, usimwachie kompyuta yenye TFC ambayo hujaiwekea kopi pahali pengine.