Mpira wa tarakta: udongo ndio unaochagua



Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya kofia ngumu, viatu vya usalama na vumbi la mgodini. Leo tutoke mgodini, tushuke shambani. Wengi kati yetu wana shamba katika bonde la Ruzizi, upande wa Luvungi, ambako jamaa zao wanalima mpunga, mahindi na mihogo. Wengine wanajiunga watu wanne ao watano, wanaweka pesa pamoja, wananunua tarakta ndogo iliyokwisha kutumika. Ni jambo jema, maana jembe la mkono linavunja mgongo.

Lakini mtu akienda kununua tarakta anauliza nini? Anauliza bei, anauliza nguvu ya motere, anasikiliza mlio wake. Mipira anaipiga teke moja, basi. Kumbe ni mipira peke yake inayogusa udongo!

AJALI MOJA

Wakati wa mvua walituletea ndugu mmoja wa kazi, amelazwa juu ya mlango wa nyumba uliotumiwa kama machela. Mtu huyu aliendesha mashini za kupakia mawe kwa miaka mingi. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mjinga. Aliponunua tarakta alichagua mipira mipana yenye meno manene, kama ile ya mashini zetu, akisema: «Mpira mnene hautoboki.»

Katika shamba la mpunga matope yalijaa kati ya meno, mpira ukawa laini kama chupa. Magurudumu yakazunguka mahali pamoja bila kusonga. Ndipo akafunga mti kwa mnyororo kwenye magurudumu ya nyuma ili yapate kukamata. Magurudumu yakakwama kabisa, na motere ikaendelea kusukuma. Gurudumu likikataa kuzunguka, tarakta yenyewe inazunguka: pua ikainuka juu, ikaanguka kinyumenyume juu ya mwenyewe. Jambo hili halichukui hata sekunde 2. Mtu hana nafasi ya kuruka.

Matope laini yalimwokoa, lakini mfupa wa kiuno ulivunjika. Alilala miezi mitatu, na mke wake akauza mbuzi wote. Mipira yake ilikuwa mizima. Ilikuwa tu mipira ya kazi nyingine.

MENO YANASEMA NINI?

Tazama ubavuni mwa mpira wa nyuma. Mara nyingi utakuta herufi R pamoja na namba. Hiyo ndiyo inayoonyesha kazi ya mpira.

R-1 ni mpira wa shamba la kawaida. Meno yake ni marefu, yamepangwa kama mbavu za samaki, na yanatupa matope nje. Unafaa kwa mahindi na mihogo.

R-2 ni mpira wa mpunga na miwa. Meno yake yana urefu karibu mara mbili ya R-1, kwa sababu yanatafuta udongo mgumu chini ya maji. Lakini juu ya barabara unatetemesha shofere na unaisha upesi.

R-3 ni wa majani na bustani. Meno yake ni mafupi, hayaharibu majani. Katika matope unateleza.

R-4 ni wa kazi za ujenzi, mawe na kupakia. Ubavu wake ni mgumu. Mgodini tunaupenda, na ni haki yake kupendwa huko. Katika mpunga ni mtego.

Basi, mtu wa Luvungi achague gani? Kama kazi yako kubwa ni mpunga, tafuta R-2. Kama unalima mahindi na mihogo, na tena unavuta mizigo kwenye barabara kuu namba 5 kati ya Kamanyola na Uvira, chukua R-1. Kama una mpunga kidogo tu, chukua R-1 vilevile, na ungoje maji yapunguke kabla ya kuingia.

HESABU ZA UBAVUNI

Ukisoma 9.5-24, maana yake mpira una upana wa inchi 9 na nusu, karibu sentimeta 24, na chuma cha gurudumu kina inchi 24, karibu sentimeta 61. Mpira wa hesabu nyingine usilazimishwe juu ya chuma hicho, hata kama muuzaji anakupunguzia bei.

Angalia tena: kama tarakta inavuta kwa magurudumu yote 4, ya mbele na ya nyuma yamefungana ndani kwa vyuma. Ukibadilisha ya nyuma tu kwa kipimo kingine, magurudumu yatashindana, na vyuma vya ndani vitavunjika. Fuata kitabu cha tarakta.

Meno pia yana njia yake. Ukikaa kwenye kiti na kutazama juu ya mpira wa nyuma, meno yanapaswa kuonekana kama mshale unaoelekea mbele. Yakielekea nyuma, mpira umefungwa kinyume: unajaza matope pahali pa kuyatupa.

UPEPO NA UZITO

Tarakta za zamani zilikuwa na magurudumu ya chuma. Mwaka 1932, huko Marekani, kampuni Allis-Chalmers ilianza kuuza tarakta zenye mipira ya upepo, na mgongo wa mkulima ukapata pumziko. Mpaka leo tarakta ndogo nyingi hazina spiringi kama motokari. Mpira ndio spiringi yake. Ukijaza upepo kupita kiasi, kila pigo la njia linaingia katika uti wa mgongo wako. Ukipunguza mno, ubavu wa mpira unapasuka. Mpira wa nyuma wa shambani mara nyingi unataka kilo 1 mpaka 2 tu, si kama kamyo. Soma kitabu, na upime asubuhi mpira ukiwa baridi.

Watu wengine wanatia maji ndani ya mipira ya nyuma, mpaka robo tatu, ili tarakta iwe nzito chini na isipinduke. Kwetu maji hayagandi kwa baridi, basi maji matupu yanatosha. Ni msaada kwa mwenye kulima upande wa milima ya Lemera. Katika matope mazito, uzito huo unaizamisha tarakta.

WAKATI WA KUFUNGA MPIRA

Hapa nimeona mikono ikipotea. Shikeni haya:

1. Usimame pembeni unapotia upepo, kamwe usiinamie mpira. Tumia bomba refu.

2. Mpira ukikataa kukaa kwenye chuma chake, usipite kilo 2 na nusu. Toa upepo, paka maji ya sabuni, anza tena.

3. Usimwage esansi na kuwasha moto ili mpira ukae. Huo ni mlipuko.

4. Usichomelee chuma cha gurudumu wakati mpira bado uko juu yake, hata kama hauna upepo. Moto unazaa hewa mbaya ndani, na mpira unapasuka kama baruti.

TARAKTA IKIKWAMA

Usifunge mti kwenye magurudumu. Fungua jembe la nyuma, chimba udongo nyuma ya magurudumu, tandika mbao ao matawi, na utoke polepole kwa kurudi nyuma. Ikikataa, ita tarakta nyingine. Mtoto asipande pembeni: tarakta ina kiti kimoja kwa mtu mmoja.

Mtu akibanwa, zima motere kwanza. Zuia damu kwa kukandamiza kitambaa safi. Kama mgongo ao kiuno kinauma, usimkalishe wala usimbebe mgongoni. Mlaze juu ya ubao, na mumpeleke mara moja kwa waganga.

KWA MAMA WA NYUMBANI

Mpira wa zamani usiachwe nyuma ya nyumba. Mvua inaujaza maji, na humo anazaliwa mbu mwenye madoa meupe, anayeuma mchana na kuleta homa za dengi na chikungunya. Toboa mpira chini ili maji yatoke, ao uufunike. Usiuchome moto: moshi wake ni sumu kwa kifua cha mtoto.

Ndugu, kabla ya kutoa pesa zenu, nendeni kwanza shambani. Tieni mkono katika udongo, muulize: ni matope, ni mchanga, ao ni mawe? Udongo ukiisha kujibu, ndipo muende kwa muuzaji.