Mwalimu Aliyefundisha Watu Kuandika Majina Yao

Mwezi wa Januari mwaka 1957, katika kisiwa cha Johns Island kilicho jirani na mji wa Charleston, jimbo la South Carolina nchini Marekani, watu wazima 14 waliingia dukani jioni kama wateja waliofuata mahitaji ya nyumbani, wakapita nyuma ya rafu za bidhaa, wakaketi katika chumba kisichokuwa na dirisha. Duka lilikuwa duka kweli, na aliyetaka kununua aliuziwa. Lakini liliwekwa mbele liwe pazia, ili Mzungu apitaye barabarani asitambue kuwa nyuma yake wako watu weusi wanaojifunza kusoma kwa nia ya kupiga kura. Mwalimu wao, Bernice Robinson, alikuwa msusi, asiye na cheti cha ualimu, na alipoombwa kazi ile mara ya kwanza aliikataa. Aliyemwomba, akamwandama mpaka akakubali, alikuwa jamaa yake, mwanamke wa miaka 58 aliyekuwa amefukuzwa kazi mwaka uliotangulia. Huyo ndiye Septima Poinsette Clark, na habari zake ndizo niazimiazo kuzisimulia hapa.

Alizaliwa Charleston tarehe 3 Mei 1898, binti wa mtu aliyezaliwa mtumwa. Baba yake, Peter, alikuwa mali ya Joel Poinsett, tajiri wa mashamba, na hata jina la ukoo ambalo Septima alilibeba maisha yake yote lilikuwa la bwana yule. Mama yake, Victoria, alilelewa Haiti, nchi ya watu weusi waliojikomboa wenyewe, naye akarudi kutoka huko na kiburi kizuri ambacho umaskini haukukivunja: alifua nguo za watu ili watoto wasome, lakini alijifaharisha kwamba hakupata kuwa mtumishi katika nyumba ya mtu. Kutoka kwa baba Septima alirithi upole na kutoka kwa mama ukaidi, na wasomaji wataona mbele jinsi tabia hizo mbili zilivyoshirikiana.

Alihitimu katika chuo cha Avery mwaka 1916, akiwa na idhini ya kufundisha lakini bila ya mahali pa kufundishia, maana sheria za mji ule hazikuruhusu mwalimu mweusi kufundisha katika shule za serikali, hata zile za watoto weusi. Basi alivushwa kwa mashua kwenda Johns Island, akiwa na umri wa miaka 18, akawa mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa na walimu wawili na watoto 132. Mshahara wake ulikuwa dola 35 kwa mwezi na wa mwenzake dola 25. Na ng'ambo ya njia palikuwa na shule ya Wazungu yenye watoto watatu, ambayo mwalimu wake alilipwa dola 85. Hesabu hiyo aliikumbuka mpaka uzeeni, na sidhani kama pana hotuba iwezayo kuieleza dhuluma ya zama zile kwa uwazi kuliko tarakimu hizo chache.

Wakazi wa visiwa vile ni Wagullah, wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu kutoka pwani za Afrika ya Magharibi na Kongo na Angola, ambao kwa kuishi mbali na bara walihifadhi lahaja yao, hadithi zao na kazi za mikono za wazee wao. Watoto walikuja shule pale tu pamba ilipokwisha vunwa. Vitabu havikuwapo vya kutosha, na vilivyokuwapo vilisimulia mambo ya mbali wasiyoyajua. Kwa hiyo mwalimu kijana aliwaacha watoto waseme habari za miti, wanyama na maji yaliyowazunguka, akaziandika neno kwa neno juu ya mifuko ya karatasi, na hiyo ikawa ndiyo vitabu vyao. Jioni walimjia watu wazima, mmoja akitaka kusoma Biblia mwenyewe, mwingine akitaka kusimama na kusema sawasawa katika mkutano wa chama chake cha kuzikana. Aliwafundisha bila ya ujira. Kile ambacho kwetu kiliitwa kisomo cha ngumbaru, yeye alikianza kwa kuombwa, kabla hajajua kwamba ndicho kitakachokuwa kazi ya maisha yake.

Miaka iliyofuata niipite kwa haraka, ingawa kila mmoja ulikuwa na taabu yake. Mwaka 1919 alirudi Charleston, akaingia katika NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi, akatembea nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi za kudai walimu weusi waajiriwe katika shule za mji, na mwaka uliofuata dai likakubaliwa. Aliolewa na baharia, Nerie Clark. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga, na mume akafariki mwaka 1925, hata mjane akalazimika kumpeleka mwanawe wa kiume alelewe na babu na bibi yake, kwa kuwa mshahara wa mwalimu haukutosha kuwalisha wawili. Toka mwaka 1929 mpaka 1947 alifundisha Columbia, mji mkuu wa jimbo, akisoma wakati wa likizo mpaka akapata shahada ya kwanza na ya pili, na akiwa huko alisaidia kesi iliyowapatia walimu weusi haki ya mshahara sawa. Huko pia alishiriki katika kuwafundisha askari wasiojua kusoma, ili waweze kutia sahihi zao katika daftari la mishahara. Jambo hilo lilionekana dogo wakati ule.

Tukio lililomtoa katika ualimu wa serikali lilikuja mwaka 1956. Miaka miwili nyuma Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imehukumu kwamba kuwatenga watoto mashuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, na majimbo ya kusini yakalipiza kisasi kwa sheria nyingi. South Carolina ilipitisha sheria kwamba mtumishi wa jimbo au wa mji hawezi kuwa mwanachama wa NAACP. Walimu walitakiwa waseme kama ni wanachama. Wengi walinyamaza au walikana, na mtu mwenye watoto wa kulisha simlaumu. Septima Clark aliandika wazi kwamba yeye ni mwanachama. Alifukuzwa baada ya miaka 40 ya utumishi, na pensheni yake ikapotea. Wanawake wenzake wa chama kimoja cha wasomi walimfanyia karamu ya kumpa heshima, lakini hawakuthubutu kupigwa picha pamoja naye.

Kabla ya hapo alikuwa amefanya kitu ambacho mwenyewe alikihesabu miongoni mwa makosa yake makubwa, nami nakiona kuwa ndicho kilichomfanya awe mwalimu wa namna ya peke yake. Aliwaandikia walimu weusi barua 726, akiwaomba waipinge sheria ile. Waliojibu walikuwa 26. Walioahidi kwenda pamoja naye kumwona mkuu wa elimu walikuwa 11, na siku ilipofika walitokea watano. Mtu mwingine angalirudi nyumbani akiwalaani waoga. Yeye alirudi akijiuliza kosa lake liko wapi, akakinaika kwamba amewasukuma watu kwenye jambo ambalo hawakuandaliwa kulibeba, na kwamba ujasiri wa raia, kama kusoma na kuandika, hufundishwa polepole na kuanzia pale alipo mwanafunzi. Toka siku hiyo hakumwita kwenye vita mtu ambaye hakuwa amemfunda.

Mlango ulikuwa umekwisha funguka mahali pengine. Katika milima ya Tennessee, karibu na Monteagle, palikuwa na shule ya watu wazima iitwayo Highlander, iliyoanzishwa mwaka 1932 na Mzungu, Myles Horton, ambamo weusi kwa weupe walikaa meza moja na kulala chini ya paa moja katika nchi iliyokataza mambo hayo. Septima alifika mara ya kwanza kiangazi cha mwaka 1954. Mwaka uliofuata aliongoza semina ambayo mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mshonaji kimya kutoka Montgomery, Rosa Parks. Miezi michache baadaye bibi yule alikataa kumwachia Mzungu kiti chake katika basi, na jina lake likaenea ulimwenguni. Septima alipofukuzwa kazi Charleston, Horton alimwajiri kuwa mkuu wa semina zote.

Turudi sasa katika chumba kile kisicho na dirisha. Ili mtu mweusi aandikishwe kuwa mpiga kura katika jimbo lile, alitakiwa asome kifungu cha katiba ya jimbo mbele ya karani, na karani ndiye aliyeamua kama amesoma. Katika Johns Island alikuwapo Esau Jenkins, mkulima na mwenye basi, aliyekuwa akiwachukua wakazi asubuhi kwenda kazini Charleston, naye njiani aliwafundisha katiba. Abiria mmoja, Alice Wine, aliikariri kwa moyo, lakini alijua kwamba kukariri si kusoma, akataka shule hasa. Septima na Jenkins walipata kwa Highlander mkopo wa dola 1,500 usio na riba, wakanunua jengo kuukuu la shule, wakafanya duka mbele na darasa nyuma. Mwalimu wa kawaida hawakumtaka, kwa hofu kwamba angewatazama wazee wale kwa macho ya dharau. Wakamchagua msusi, mtu aliyezoea kusikiliza watu, na ambaye riziki yake haikuwa mikononi mwa Wazungu.

Usiku wa kwanza Bernice Robinson alikuja na vitabu vya watoto wadogo, akaona mara moja kuwa ni tusi, akaviweka kando, akawauliza wanataka kujifunza nini. Walitaka kuandika majina yao. Kusoma barua za watoto wao walio mbali. Kujaza hati ya kuagizia bidhaa na hawala ya posta. Hayo ndiyo yakawa masomo, na ukutani ukatundikwa waraka wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu, ili uwe ndilo lengo la usomaji wao. Walianza kwa jina: mwalimu aliliandika juu ya karatasi ngumu, na mwanafunzi akapitisha penseli juu yake tena na tena mpaka mkono ukalijua umbo. Mikono iliyozoea jembe ilizivunja penseli, maana ilizishika kama mpini, na Septima alisema wanunue nyingine. Alikuwapo bibi wa miaka 65 ambaye siku moja, majina yote yakiwa yameandikwa ubaoni, aliinuka akaenda akalionyesha lililo lake. Darasa lilipomaliza muda wake, wengi wao walikwenda kwa karani wakasoma, wakaandikishwa.

Sifa ya Septima Clark, kwa maoni yangu, imo katika mpangilio huo. Wasomi wengi wafundishao uraia huanza na katiba, wakataja mihimili ya dola na madaraka ya kila mmoja, na mkulima akasinzia. Yeye alianza na hawala ya posta, kwa sababu mtu anayeweza kutuma fedha zake bila ya kumpigia mtu magoti ameanza kuwa raia, na katiba ataifikia kwa miguu yake.

Shule zilienea kisiwa kwa kisiwa. Mwaka 1959 polisi waliivamia Highlander usiku, wakati Horton hayupo, wakamkamata Septima kwa shtaka la kuweka pombe, yeye asiyekunywa. Na mwaka 1961 serikali ya Tennessee ikaifunga shule ile. Kazi ikahamia katika jumuiya ya Dkt. Martin Luther King, na walimu wakawa wanafundwa katika kituo cha Dorchester, jimbo la Georgia, chini ya Septima pamoja na Andrew Young na Dorothy Cotton. Walikuja kwa mabasi wakulima, wapishi, madobi, wakakaa siku tano, wakarudi kwao kufungua madarasa majikoni, makanisani na chini ya miti. Kwa hesabu yake mwenyewe, toka mwaka 1957 mpaka 1970 zilifunguliwa shule 897. Sheria ya haki ya kura ilipotolewa mwaka 1965, ikafuta mitihani ile ya kusoma, ilikuta maelfu wamekwisha jua la kufanya na kura.

Wanaume walioongoza harakati ya haki za watu weusi walimheshimu kama mama na kumsahau kama kiongozi. Alikuwa mjumbe wa halmashauri ya jumuiya ya King, na mmoja wa wakubwa aliuliza mara kwa mara sababu ya yeye kuwapo. Alimwandikia King barua kumshauri asiongoze maandamano yote mwenyewe, bali awalee wengine wayaongoze katika miji yao. Barua ilisomwa kikaoni, na watu wakacheka. Alimpenda King, akafuatana naye Oslo mwaka 1964 kupokea Tuzo ya Nobel, lakini uzeeni hakuficha kwamba kuwapuuza wanawake kulikuwa udhaifu mkubwa wa harakati ile.

Alistaafu mwaka 1970, akarudi Charleston. Mwaka 1975 wananchi walimchagua kuwa mjumbe wa bodi ya shule za wilaya, katika mji uleule uliomfukuza, akaketi humo kwa vipindi viwili. Pensheni yake ilirudishwa mwaka 1976, miaka 20 baada ya kunyang'anywa, na mishahara aliyodhulumiwa ililipwa mwaka 1981. Alifariki tarehe 15 Desemba 1987, akiwa na umri wa miaka 89, katika kisiwa cha Johns Island.