Kijana Wako Anapochagua Kuwa Kipa

Akina mama wenzetu wa Mpanda wanamfahamu kijana huyu. Anarudi jioni magoti yamechubuka, kidole kimevimba, shati limechanika begani, naye anacheka. Baba yake anasema mpira ni uhuni. Mama yuko katikati yao.

Tuseme ukweli: mpira siku hizi ni kazi. Ila kwa kipa ni kazi yenye nafasi finyu. Washambuliaji wawili watatu hucheza pamoja, lakini langoni husimama mmoja tu. Wa pili anaweza kukaa benchi msimu mzima, akifanya mazoezi yale yale na kula vumbi lile lile.

Na kutoka Katavi ngazi ni ndefu. Kuna ligi ya wilaya, ya mkoa, ya mabingwa wa mikoa, kisha daraja la pili na la kwanza, ambayo sasa yamepewa majina ya Kiingereza, ndipo Ligi Kuu yenye timu 16. Wengi huishia katikati ya ngazi hiyo, ambako mshahara huchelewa na safari za basi ni za usiku kucha.

Lakini kipa ana jambo moja linalomsaidia: hazeeki upesi kama winga. Mtazameni Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, jirani zetu. Alipata jina akiwa Simba, akapita Yanga, kisha akaenda Mbeya City, Kagera Sugar na KMC, timu zisizo na kelele nyingi. Kwa miaka kadhaa timu ya taifa haikumwita. Mwaka 2019 akaitwa tena, akiwa amevuka miaka thelathini. Septemba mwaka huo, Dar es Salaam, Tanzania iliitoa Burundi kwa penalti 3 kwa 0 katika kufuzu Kombe la Dunia, yeye akiwa langoni. Baadaye akaingia kwenye ukocha. Ile miaka ya kimya hakuacha mpira.

Basi mama afanye nini? Kwanza kidole. Kisivutwe wala kukandwa kwa nguvu. Kama hakikunjiki, au uvimbe haupungui, kijana aende hospitali akapigwe picha. Kidole kilichounga vibaya humwondoa kipa kazini mapema kuliko umri.

Pili karatasi. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Nauli na soda si mshahara. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba unaozidi miaka mitatu. Usikubali kuambiwa "weka sahihi tu, mengine baadaye". Soma na baba yake, mwombe mwalimu awafafanulie, na nakala moja ibaki nyumbani, sandukuni pamoja na vyeti vya shule.

Tatu, na hapa baba atakusikiliza: ufundi au shule visiachwe. Kipa wa benchi ana asubuhi nyingi. Cherehani, umeme, au ekari ya mahindi iliyolimwa kwa wakati vinaweza kumlisha miezi ambayo klabu haijalipa. Muulizeni yeye mwenyewe angependa kipi, kabla ya msimu kuanza.