Kiharusi: Ruhusa ya hospitali si mwisho wa tiba

Na Mwandishi Wetu, Moshi

MUME akilazwa kwa kiharusi, familia husubiri kwa hamu neno moja la daktari: ruhusa. Siku hiyo ndugu hukusanyika na kushukuru, wakiamini kwamba ugonjwa umekwisha. Kumbe ndiyo siku ambayo sehemu kubwa ya tiba huhama kutoka kwa wauguzi na kuwa juu ya mtu mmoja, naye ni mwenzi wa ndoa.

Chukulia nyumba ya fundi mwashi katika Kata ya Shirimatunda, Manispaa ya Moshi. Fundi amerudi akiwa amepooza upande wa kulia na maneno hayatoki sawasawa. Mkewe, mwenye genge la mboga, sasa atamgeuza, atamlisha, atamwogesha na kumsimamisha. Iwapo aliondoka wodini bila kufundishwa kazi hizo, atazifanya kwa kubahatisha, na kubahatisha huku kunaweza kumgharimu mgonjwa mkono wake, mguu wake au hata maisha.

Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani yake. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 wilayani Hai, jirani na Moshi, na jijini Dar es Salaam ulionyesha kwamba kiharusi si ugonjwa wa mataifa tajiri pekee.

Wakazi wa Moshi wana nafuu fulani. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, inatoa huduma za fiziotherapia, na eneo hilo hilo lina chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Hata hivyo, mtaalamu hukaa na mgonjwa kwa muda mfupi. Saa nyingine zote za siku ni za mwenzi wake.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kuomba kufundishwa kabla ya ruhusa. Mke aombe kumgeuza na kumwinua mumewe mbele ya mtaalamu, arekebishwe, kisha arudie. Mkono uliopooza usivutwe wakati wa kumwinua, kwani bega lililolegea huteguka kwa urahisi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgongo.

Chakula nacho kina hatari zake. Mgonjwa aketi wima anapokula, apewe kidogo kidogo. Mtori mzito uliolainishwa mara nyingi humezeka kwa usalama kuliko chai au maji, ambayo huweza kupitia njia ya hewa na kuleta nimonia. Akikohoa kila anapomeza, arudishwe hospitali bila kuchelewa.

Jambo la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linapingana na huruma. Mke mwenye upendo hutaka kumfanyia mumewe kila kitu. Lakini ubongo hujifunza upya kwa kurudia tendo lile lile mara nyingi, na mkono usiotumika husahaulika. Akichukua dakika kumi kufunga kifungo cha shati, aachiwe dakika hizo. Akitafuta neno, asimaliziwe sentensi, wala asisemeshwe kama mtoto. Wengi walioathirika usemi huelewa mengi kuliko wawezavyo kutamka. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini haikomi hapo. Dawa za shinikizo la damu nazo zisiachwe kwa sababu mgonjwa amepata nafuu, kwani kiharusi cha pili huwa karibu na aliyeziacha.

Tatu ni fedha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume aliyeshindwa kujipatia riziki kwa maradhi. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipotungwa mwaka 2004, likizo yake ya dharura yenye malipo ilitaja ugonjwa wa mtoto na kifo cha mwenzi. Ugonjwa wa mwenzi haukutajwa. Mwenye genge hana hata likizo hiyo: akifunga, hakuna mauzo, ilhali kila siku ya kliniki inadai nauli ya teksi au bajaji.

Ndipo ukoo unapohitajika. Wifi na shemeji wanaofika na mkungu wa ndizi na kuondoka jioni wamefanya wema, lakini anayekaa na mgonjwa siku mbili za wiki ili genge lifunguliwe amefanya zaidi. Muuguzaji asiyelala na anayebeba mzigo peke yake naye huugua. Mgongo humuuma, hasira humpanda, kisha hujilaumu. Kuomba msaada si kumtelekeza mume.

Kabla ya kusaini ruhusa, basi, familia imuulize daktari maswali matatu: nani atatufundisha, turudi lini, na dalili zipi tusizisubirishe hadi asubuhi? Nao ndugu waulizane la nne: zamu ya nani kesho?