Usumaku Usiovuta: Suala la Istilahi katika Oksidi za Metali za Mpito

Neno sumaku katika Kiswahili huchukuliwa kuwa jina la kitu kivutacho chuma. Maana hiyo yatosha katika mazungumzo ya kila siku, lakini haimtoshi mwanafizikia anapoeleza oksidi za metali za mpito, kama vile manganizi na shaba. Katika nyingi za oksidi hizi kila atomu ya metali ni sumaku ndogo, ilhali kipande kizima hakivuti hata sindano.

Sababu ni mpangilio. Atomu mbili za metali zilizotenganishwa na oksijeni huathiriana kupitia kwayo, na mara nyingi sumaku zao huelekea pande zinazopingana, zikabatilishana. Mwaka 1949 C. G. Shull na J. S. Smart walidhihirisha mpangilio huo katika oksidi ya manganizi kwa kutumia nyutroni, ambazo, kwa kuwa zenyewe zina usumaku, huweza kuutambua mwelekeo wa usumaku wa atomu.

Jambo huwa gumu zaidi atomu zinapopangika kwa mnyororo. Hapo kila atomu ina majirani wawili tu, na mpangilio ukivunjika mahali pamoja, hapana njia ya pembeni ya kuurejesha. Katika oksidi moja ya strontiamu na shaba, nguvu iunganishayo majirani hulingana na joto la Kelvini 2,000 hivi. Hata hivyo mpangilio thabiti hutokea karibu na Kelvini 5 tu, kwa msaada wa uhusiano dhaifu baina ya minyororo. Katika oksidi ya lanthanamu na shaba, iliyo ya matabaka, mpangilio hudumu hadi kupita Kelvini 300.

Basi yafaa zitofautishwe hali tatu: usumaku wa kufuatana, ambapo sumaku zote huelekea upande mmoja, usumaku wa kupingana, ambapo hupishana kwa utaratibu, na usumaku usiotulia, ambapo majirani hupingana bila utaratibu kuenea mbali. Ni hali ya kwanza pekee ivutayo sindano. Mfasiri aandikaye kwamba oksidi hizi "hazina sumaku" atakuwa amelikana jambo lile lile alilokusudia kulieleza.