Jaji asiye na la kuchagua

Kesi ya mauaji ikifunguliwa Ifakara, hakimu wa Mahakama ya Wilaya ya Kilombero hana mamlaka ya kuisikiliza. Mshtakiwa anasomewa shtaka lakini haruhusiwi kujibu chochote, dhamana hakuna, na jalada linasubiri kwenda Mahakama Kuu. Ndugu waliodamka Lumemo kuja kumwona wanaambulia maneno yaleyale, kwamba upelelezi bado haujakamilika, halafu wanapangiwa tarehe nyingine. Inaweza kupita miaka hivyo. Siku ya hukumu ikifika, mtu akatiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, kazi ya jaji ya kupima adhabu inakuwa imekwisha kabla hajaianza. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamwamuru atoe adhabu ya kifo, wala hakimpi nyingine. Kanuni hiyohiyo inasema kifo hicho ni cha kunyongwa. Wanaosalimika ni aliyekuwa na umri chini ya miaka 18 na mwanamke mjamzito.

Wengi wanaochangia mjadala huu, msikitini, kanisani au kijiweni, humfikiria muuaji wa aina moja: aliyepanga, akavizia, akaua kwa tamaa. Kama wauaji wote wangekuwa hao, mjadala ungekuwa mwepesi zaidi. Lakini sheria yetu inakusanya wengi kuliko hao.

Chukua ugomvi ambao mtu yeyote wa bonde la Kilombero anaweza kuutabiri. Ng'ombe wameingia shambani, mpunga umeshaanza kuinamisha masuke. Mwenye shamba amekesha kwenye dungu akilinda mazao yake, na sasa anaona jasho lake linakanyagwa. Anakimbia nyumbani, anachukua panga, anarudi na kumkata mchungaji mguuni. Hakutaka afe, alitaka kumkomesha. Mchungaji anavuja damu nyingi na kufia Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kwa tafsiri ya kifungu cha 200, nia ovu haiishii kwenye nia ya kuua. Nia ya kumdhuru mtu vibaya nayo inatosha. Wakili atajitahidi kuonyesha kwamba mteja wake alighadhibishwa ghafla, ili kosa lishuke na kuwa kuua bila kukusudia. Waendesha mashtaka watauliza kuhusu ile safari ya kwenda nyumbani kufuata panga: je, hasira haikupata muda wa kupoa? Jibu la swali hilo moja linaweza kumpa mkulima huyu kifungo cha miaka michache au kitanzi. Na akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, wakili anapoulizwa kama ana la kumwombea mteja wake, hata akisema ni kosa la kwanza, ana watoto wadogo, alijisalimisha mwenyewe polisi, yote hayo hayana pa kuingia.

Sasa weka pembeni yake kesi ambayo watu wa Kilombero na Ulanga hawajaisahau. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa kwa risasi katika msitu wa Pande, Dar es Salaam, wakiwa mikononi mwa polisi. Polisi walidai ni majambazi. Tume iliyoundwa na Rais Kikwete chini ya Jaji Mussa Kipenka ikaonyesha vingine, na maofisa wakafikishwa mahakamani, akiwamo Abdallah Zombe aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru Zombe na wenzake wanane. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kuachiwa kwa Zombe, ila ofisa mmoja kati yao ikamtia hatiani na kumhukumu kunyongwa. Askari aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua risasi hakuwahi kufikishwa kizimbani.

Kesi hii inazibana pande zote mbili. Anayepinga adhabu ya kifo ajaribu kusimama Mahenge aeleze kwa nini anayetumia bunduki ya serikali kuua raia astahili huruma. Si rahisi, na asijidanganye kuwa wanaomkatalia ni watu wa kisasi tu. Kuna hasira ya haki. Lakini anayeiunga mkono naye ajibu: ushahidi uleule ulimpa mtu uhuru mwaka 2009 na kitanzi mwaka 2016. Kama majaji wenye uzoefu wanaweza kuusoma hivyo, ni uhakika kiasi gani unatakiwa kabla ya kutoa adhabu isiyorudishika?

Majaji wetu wenyewe wamelikuta swali hili. Mwaka 1994, Dodoma, katika kesi ya Mbushuu, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba, kwa sababu ni ya kikatili na inadhalilisha utu, akawapa washtakiwa kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Kinachosahaulika ni namna ilivyotengua. Ilikubaliana naye kwamba kunyonga ni ukatili na ni udhalilishaji, kisha ikasema ibara ya 30(2) ya Katiba inairuhusu sheria hiyo kwa manufaa ya umma. Kuhusu kama kitanzi kinawatisha wauaji, ilisema upande wowote haujathibitisha, na kwamba ni jamii yenyewe ya kuamua. Kwa hiyo msimamo rasmi wa sheria yetu ni kwamba adhabu hii ni ya kikatili, ila tumeihitaji.

Tumeihitaji kiasi gani? Mtu wa mwisho kunyongwa alinyongwa mwaka 1994, na tangu hapo hakuna rais aliyeruhusu mwingine afuate. Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa. Desemba 2020 aliwabadilishia wafungwa 256 adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Naiheshimu dhamiri hiyo. Ila tazama mzigo umehamia wapi: jaji amekatazwa kupima, na rais ndiye anayepima, faraghani, bila kulazimika kutoa sababu. Katikati yao kuna mtu aliyeko gereza la Isanga asiyejua kama rais ajaye atakuwa na moyo uleule.

Viongozi wa dini huitwa upande wowote ule unaotakiwa. Mwaka 2018 Papa Fransisko alibadilisha Katekisimu, na kwa Kanisa Katoliki adhabu ya kifo haikubaliki tena. Kwa Waislamu, na Ifakara wako wengi, kisasi kimo ndani ya Kurani, lakini aya hiyohiyo inawafungulia ndugu wa marehemu mlango wa kusamehe na kupokea diya. Anayetetea kifungu cha 197 kwa Kurani anapaswa kuona kwamba kifungu hicho hakina mlango huo. Msamaha wa ndugu haubadilishi hukumu hata kidogo.

Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilisema ulazima wa kutoa adhabu ya kifo unavunja haki ya uhai, na kunyonga kunavunja utu. Ikaipa Tanzania mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka ukapita, kifungu kikabaki. Siku chache kabla ya hukumu hiyo Serikali ilikuwa imeshatoa notisi ya kujiondoa kwenye tamko linaloruhusu raia kuipeleka katika mahakama hiyo, ambayo imo ndani ya ardhi yetu wenyewe.

Majirani wamekwenda mbali kuliko sisi bila kufuta adhabu yenyewe. Uganda, katika kesi ya Susan Kigula iliyomalizika Mahakama ya Juu Januari 2009, iliondoa ulazima na kusema aliyekaa miaka mitatu bila kunyongwa baada ya rufaa yake kumalizika ahesabiwe kuwa na kifungo cha maisha. Wafungwa wakarudishwa Mahakama Kuu kusikilizwa upya kuhusu adhabu tu. Kigula, aliyesomea sheria gerezani, akapata miaka 20 na kutoka mwaka 2016. Kenya ilifuata Desemba 2017 kwa kesi ya Muruatetu. Huko jaji bado anaweza kutamka kifo. Ila lazima kwanza asikilize.

Msimamo wangu ni kwamba adhabu ya kifo ifutwe yote, na najua wasomaji wengi hawakubaliani nami. Tusubiriane hapo. Ulazima ni jambo jingine, na hata anayetaka muuaji wa kuvizia anyongwe hana sababu ya kutaka mwenye mpunga ahukumiwe kwa kipimo kilekile. Bunge linaweza kuondoa ulazima huo bila kugusa mengine. Tena katika kusikiliza kuhusu adhabu, Kenya humpa nafasi hata jamaa wa marehemu aeleze amepoteza nini na anataka nini. Kwetu mama wa yule mchungaji, akishamaliza kutoa ushahidi, anashuka kizimbani na haulizwi tena chochote.