NISHANI ZA ASKARI WASTAAFU: MAANA YAKE NA NAMNA YA KUZIHIFADHI

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wananchi huwaona wazee waliovaa nishani kifuani wakisimama pamoja na viongozi wa nchi mbele ya mnara wa kumbukumbu. Rais huweka mkuki na ngao, na mwakilishi wa askari wazee huweka shoka. Vijana wengi huziangalia nishani hizo wakadhani kuwa ni mapambo ya sherehe. Wapo pia wanaodhani kuwa nishani ni hati ya malipo ambayo mzee ameificha faida yake. Dhana zote mbili si sahihi. Makala haya yanaeleza nishani ni kitu gani, ina maana gani kwa askari baada ya kuvua sare, na kwa nini jamaa zake wana wajibu wa kuitunza.

AINA ZA NISHANI

Kwa ujumla nishani za kijeshi zimegawika katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni nishani za ushujaa, ambazo hutolewa kwa mtu mmoja kwa kitendo maalumu. Mfano wake ni Msalaba wa Victoria aliotunukiwa Sajini Nigel Leakey wa kikosi cha Keya cha Tanganyika (1/6 KAR), aliyeuawa akipambana na vifaru vya Waitaliano huko Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941. Fungu la pili ni nishani za vita, ambazo hupewa kila aliyetumikia mahali palipotajwa katika muda uliowekwa. Fungu la tatu ni nishani za utumishi mrefu na tabia njema.

Nishani ya ushujaa husema fulani alifanya nini. Nishani ya vita husema jambo moja tu: kwamba fulani alikuwapo. Wastaafu walio wengi wana nishani za fungu hili la pili, na ndizo ambazo watu huzidharau kwa kuwa zilitolewa kwa wengi. Hata hivyo, ieleweke kwamba kwa mwenyewe neno hilo moja ni zito. Askari akiwa kazini hutambulishwa na sare, cheo cha begani, namba yake na kikosi chake. Siku anapostaafu hurejesha sare na silaha, na cheo chake hubaki katika madaftari ya jeshi. Kinachobaki mkononi mwake ni cheti cha kuachishwa kazi na nishani. Akirejea kijijini kuvua samaki au kulima mihogo, hakuna kingine kinachowajuvya jirani zake kwamba mtu huyu aliwahi kupelekwa vitani na akarudi.

NYOTA ZA KEYA

Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Afrika Mashariki walipigana katika majeshi ya Keya, yaani King's African Rifles. Waliopigana Ethiopia na Somalia walistahiki Nyota ya Afrika, iliyohusu utumishi wa kati ya tarehe 10 Juni 1940 na 12 Mei 1943. Waliovuka bahari walistahiki Nyota ya Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma mwaka 1944, ikapita Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko, na mwezi wa Disemba mwaka huo ikauvuka mto Chindwin huko Kalewa. Nyota hiyo ina pembe sita, na utepe wake ni wa rangi ya samawati iliyoiva wenye mstari mwekundu katikati na mistari ya rangi ya machungwa kando yake.

Kuna jambo moja katika nyota hizi linalostahiki kuzingatiwa. Mwaka 2019 waandishi wa habari walichapisha waraka wa zamani wa serikali ya Uingereza ulioonyesha kwamba kiinua mgongo cha askari kilipangwa kwa rangi ya ngozi, na kwamba Mwafrika aliweza kupewa hata theluthi moja tu ya alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Nyota yenyewe haikupangwa hivyo. Aliyeivaa jenerali na aliyeivaa askari wa kawaida kutoka pwani ilikuwa nyota moja, ya madini yale yale na utepe ule ule. Ndiyo maana mzee wa Keya aliyelalamikia malipo yake aliweza, wakati huo huo, kuipiga pasi suruali yake na kuivaa nyota yake bila ya kujipinga. Malipo yalimpunja, nyota ilimtaja sawa na wenziwe.

NISHANI SI PENSHENI

Wananchi wanakumbushwa kwamba nishani ya vita peke yake haiambatani na posho ya kila mwezi. Zipo nishani chache za ushujaa zenye malipo. Kwa mfano, tangu mwaka 2015 Uingereza humlipa kila aliye hai mwenye Msalaba wa Victoria paundi 10,000 kwa mwaka. Nyota za vita hazimo katika utaratibu huo. Misaada iliyowafikia wakongwe wa Keya ilitolewa kwa sababu ya utumishi wao na hali zao za maisha, kama ilivyokuwa mwaka 2018, Uingereza ilipotangaza paundi zipatazo milioni 12 kwa ajili ya askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola wanaoishi katika umasikini. Kwa hivyo, anayemwendea mzee na kumwambia ampe nishani pamoja na fedha kidogo ili "akamshughulikie malipo" yafaa aogopwe.

KAGERA NA ULINZI WA AMANI

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, na linao utaratibu wake wa nishani. Walioshiriki vita vilivyoanza baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, vikafika Kampala tarehe 11 Aprili 1979, wanajulikana kwa Nishani ya Vita vya Kagera. Wengi wao sasa ni wazee. Baadhi huivaa kila mwaka kwa ajili ya wenzao waliozikwa Kaboya; wengine huifungia kabatini na hawaitoi kamwe, na sababu yao ni hiyo hiyo. Mtoto asimlaumu mzazi wake kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kizazi kilichofuata kimetumikia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa huko Lebanon, Darfur na Kongo. Kwa kawaida nishani ya Umoja wa Mataifa hutolewa baada ya siku 90 za utumishi, na kila operesheni ina utepe wake. Aidha, mwaka 1997 Baraza la Usalama lilianzisha Medali ya Dag Hammarskjöld kwa wanaopoteza maisha katika kazi hiyo. Miongoni mwa waliotunukiwa ni askari wa Tanzania waliouawa katika shambulio la Semuliki, Kongo, tarehe 7 Disemba 2017. Medali hiyo ni kipande cha kioo chenye umbo la yai, nacho huchorwa jina la marehemu na tarehe ya kufa kwake. Hukabidhiwa jamaa zake.

JINA LISIPOKUWAPO

Hapa ndipo ilipo hatari. Medali za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza ziliandikwa namba, cheo na jina la askari. Nyota nyingi za Vita Kuu ya Pili zilitolewa bila ya jina lolote. Mzee anapofariki, na cheti chake kikaliwa na mchwa, nyota hiyo haimtaji mtu tena. Wajukuu hawajui ilikuwa ya nani wala ya vita gani. Mwisho wake huuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, au kwenye duka la vitu vya kale kwa mgeni ambaye ataijua thamani yake kuliko wao. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hivyo, wenye nishani na jamaa zao wanashauriwa kuzingatia haya:

1. Nishani iwekwe pamoja na cheti cha kuachishwa jeshi, na nakala ya cheti iwekwe mahali pengine.

2. Mzee angali hai aulizwe kwa upole namba yake, kikosi chake na mahali alipotumikia. Majibu yaandikwe pamoja na tarehe.

3. Nishani isisuguliwe kwa ndimu na majivu kama sinia la shaba, kwani maandishi yake hufutika. Hewa ya chumvi na unyevu wa visiwani huozesha utepe. Ifungwe kwa kitambaa kikavu.

4. Kwa desturi ya nchi za Jumuiya ya Madola, mwenye nishani huivaa kifuani upande wa kushoto. Jamaa anayevaa nishani ya marehemu huivaa upande wa kulia, ili ajulikane kuwa anamkumbuka mwingine.

Watumishi wa Serikali nao, mzee anapofika afisini akiwa na nishani badala ya karatasi, wasimcheke wala wasimrudishe. Wamkalishe, wamwandikie maelezo yake, na wamwelekeze kwenye afisi ya jeshi inayohusika. Huenda siku hiyo ikawa ndiyo mara ya mwisho kwa nyota ile kuwa na mtu wa kuisemea.